Maji yanachuruzika chini ya tuta la bwawa: tuyazibe kwa zege?

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni katibu wa kamati ya watumia maji. Bwawa letu ni la tuta la udongo, kimo chake katikati ni mita 9, urefu mita 180 hivi, na lina miaka kumi na minne. Maji yake yakishachujwa na kutiwa dawa ndiyo tunayokunywa. Tangu mvua zilizopita pametokea unyevu upande wa chini wa tuta, karibu na linapotokea bomba la kutolea maji. Nyasi za pale ni mbichi wakati kwingine kumekauka, na maji yanachuruzika kama bomba la nyumbani lililofunguliwa nusu. Fundi anashauri tuchimbe kidogo, tumwage zege, tupige plasta, ili tusipoteze maji. Kiangazi kilichopita bwawa lilishuka sana, ndiyo maana tulipanga mifuko ya mchanga kwenye utoro, yaani njia ya kumwagia maji yanayozidi, tukaongeza kina kwa nusu mita, tukaweka na wavu ili samaki wasiondoke. Baadhi ya wajumbe wanasema bwawa la udongo lazima livuje kidogo. Nani yuko sahihi? Juu ya tuta kuna miti pia, imekuwa mikubwa. Kama ina neno, tuambie.

Jibu: Ndugu Katibu, wajumbe wako wako sahihi na fundi amekosea. Naomba asimwage pale hata karai moja la zege. Lakini kabla ya unyevu wenyewe kuna jambo umelitaja kwa kupita ambalo limenishtua zaidi: mifuko na wavu kwenye utoro. Anzeni kuviondoa leo. Msingoje kikao, na msingoje mmalize kusoma. Sababu nitaieleza, ila kazi isisubiri maelezo.

Sasa turudi kwenye unyevu. Udongo, hata mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri, una vinyweleo, na maji yenye kina upande mmoja yatavipita kuelekea upande usio na maji. Henry Darcy, mhandisi Mfaransa aliyeuletea mji wa Dijon maji ya bomba, alichapisha mwaka 1856 majaribio aliyoyafanya kwa kupitisha maji kwenye mabomba yaliyojaa mchanga. Aliona kwamba mtiririko unaongezeka kadiri tofauti ya kimo cha maji inavyokuwa kubwa, na unapungua kadiri njia ya kupita inavyokuwa ndefu. Tuta lenu linafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Tuta halikati maji, linayachosha. Yanaingia upande wa bwawa yakiwa na nguvu, yanapoteza nguvu hiyo chembe kwa chembe, na yanatokea upande wa pili yakiwa dhaifu. Anayebuni tuta huliwekea kabisa mahali pa kuyatolea: chujio, yaani tabaka la mchanga safi na kokoto chini, upande wa nyuma usio na maji, ili maji yatoke na udongo ubaki.

Kwa hiyo mkisimama mbele ya unyevu ule, angalieni kwanza maji yamebeba nini. Yakiwa safi kabisa, tuta linatokwa jasho tu. Yakiwa na tope, hata kidogo, tuta linaliwa kutoka ndani.

Hofu ya fundi ni kwamba mnapoteza maji, basi tuifanyie hesabu. Bomba lililofunguliwa nusu tulikadirie desilita moja kwa sekunde, yaani lita 8,640 kwa siku. Sasa tazameni uso wa bwawa. Hukunipa eneo lake. Tuchukulie hekta 5, na jua livute milimita 5 kwa siku, kiwango cha kawaida kabisa penye joto. Hizo ni lita 250,000 kwa siku. Jua linakunywa karibu mara 29 ya kinachotoka pale chini. Kiangazi kilichopita bwawa halikushuka kwa sababu ya kijito kile, na kukiziba hakutawaongezea hata wiki moja ya maji.

Ubaya wa kukiziba ndio mkubwa. Maji yakikosa pa kutokea hayarudi bwawani. Hujikusanya nyuma ya zege na presha yake hupanda. Kila mita moja ya kina cha maji husukuma kwa uzito wa tani moja juu ya kila mita ya mraba. Plasta ya sentimita 5 ina uzito wa kilo 110 hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo inaweza kukandamiza maji yenye kina cha sentimita 11 tu. Ninyi mna hadi mita 9 upande wa pili. Hata nguvu hiyo ikipotea njiani kwa sehemu kubwa, ikabaki mita moja, plasta inanyanyuliwa kama kifuniko cha sufuria. Isiponyanyuliwa ni mbaya zaidi, maana maji yaliyomo ndani ya tuta hupanda juu, udongo uliokuwa mkavu unaloa na kulainika, na mteremko wa nyuma unaanza kuteleza. Niliwahi kuitwa kwenye tuta lililopigwa plasta ya namna hiyo. Plasta ilikuwa kavu, na wenyewe walikuwa wameridhika nayo. Nilipopanda mteremko hatua chache juu yake, buti likazama hadi kifundoni. Maji yalikuwa yametafuta mlango mwingine, juu ya ule wa kwanza, mahali pasipokuwa na chujio lolote. Kazi iliyofuata ilikuwa kuvunja plasta yote.

Tuta linavyoliwa kutoka ndani ni hivi. Mmomonyoko huanzia kule maji yanakotokea, kisha unarudi nyuma kuelekea bwawani. Chembe ya mwisho inang'oka, iliyo nyuma yake inakosa wa kuiegemea, nayo inang'oka. Njia ya maji inakuwa fupi, na kama alivyoonyesha Darcy, njia fupi maana yake ni mtiririko mkubwa zaidi, unaong'oa chembe nyingi zaidi. Hali hiyo inaweza kwenda polepole kwa miaka. Siku kitundu chembamba kama kalamu kinapounganisha pande mbili, mnaanza kuhesabu saa.

Bwawa la Teton, katika jimbo la Idaho nchini Marekani, lilikuwa na kimo cha mita 93, mara kumi ya lenu. Mwanzoni mwa Juni 1976, likiwa linajazwa kwa mara ya kwanza, vilionekana vijito vidogo vya maji safi chini yake. Asubuhi ya tarehe 5 maji yakaanza kutoka na tope. Mabuldoza mawili yakapelekwa kusukuma udongo kwenye shimo lililofunguka upande wa nyuma; shimo likayameza yote mawili, madereva wakanusurika. Saa sita kasoro dakika tatu mchana tuta likakatika. Watu 11 walikufa. Kiini cha tuta lile kilikuwa udongo laini ulioletwa na upepo, mwepesi kumomonyoka, ukashindiliwa juu ya mwamba wenye nyufa bila chujio la kuzuia chembe zisiingie kwenye nyufa hizo. Nimelitaja kwa sababu mbili. Kutoka maji safi hadi tope zilipita siku mbili tatu, na kutoka tope hadi kukatika ilipita asubuhi moja. Pia, hata mabuldoza hayakuweza kuziba kutokea upande maji yanakotokea.

Lenu lina miaka kumi na minne, na hilo linatia moyo kiasi, kwa sababu matuta mengi yanayokufa kwa mmomonyoko wa ndani hufa wakati wa kujazwa mara ya kwanza au ndani ya miaka mitano ya mwanzo. Ila ninyi mmeongeza kina kwa nusu mita. Hiyo nusu mita ya juu tuta halijawahi kuibeba maisha yake yote. Kwa sehemu hiyo, ni kama linajazwa leo kwa mara ya kwanza. Na unyevu umeonekana baada ya mvua zilizofuata. Siamini kwamba mambo hayo mawili yamekutana kwa bahati.

Kuna vipimo mnavyoweza kufanya wenyewe wiki hii. Chukueni chupa ya kioo isiyo na rangi, ioshwe iwe safi kabisa. Kingeni maji pale yanapotokea, kabla hayajagusa matope ya nje, kisha muiweke mahali tulivu mpaka kesho yake. Asubuhi msiitikise. Iinueni taratibu penye mwanga, mtazame chini. Kama kuna utando mwembamba wa udongo, mwembamba hata kama karatasi, nipigieni siku hiyohiyo. Kama hakuna kitu, andikeni tarehe, muihifadhi chupa hiyo, na wiki ijayo mkinge nyingine muilinganishe nayo. Jicho la mtu husahau rangi ya maji ya mwezi uliopita, lakini chupa iliyopo kabatini inabaki na ushahidi.

Kisha pimeni kiasi. Kwa sasa ndoo ya lita 20 na saa vinatosha: hesabuni sekunde mpaka ijae. Baadaye chimbeni kijifereji kinachokusanya maji yote ya unyevu ule, mkikinge kwa bati lililokatwa pengo la V lenye pembe ya digrii 90. Kimo cha maji mkipime nyuma kidogo ya bati, sio pale yanapomwagika, kuanzia usawa wa ncha ya chini ya pengo. Maji yakisimama sentimita 5 juu ya ncha hiyo, mnapata takriban lita 0.8 kwa sekunde. Yakisimama sentimita 10 ni lita 4.4, zaidi ya mara tano, ingawa kimo kimeongezeka mara mbili tu. Kwa hiyo msidharau mabadiliko ya sentimita moja.

Kila siku, saa ileile, mtu mmoja aandike mambo manne: kimo cha maji bwawani, mvua ya jana, mtiririko kwenye bati, na rangi ya maji. Mtiririko ukiongezeka bwawa linapojaa na kupungua linaposhuka, hiyo ni tabia ya kawaida. Mtakapokuta kwamba kwa kimo kilekile cha bwawa leo yanatoka maji mengi kuliko mwezi uliopita, kuna kitu kimebadilika ndani. Na yakikauka ghafla bila bwawa kushuka, msishangilie. Ama chujio limeziba, ama maji yamepata njia nyingine msiyoiona. Tembeeni tuta lote, hadi bondeni, mkitafuta panapotoka.

Jambo linalonifanya nisilale na swali lako ni maneno "karibu na linapotokea bomba". Bomba ndilo sehemu dhaifu kuliko zote katika tuta dogo. Mashine ya kushindilia haifiki chini ya tumbo la bomba, kwa hiyo pale chini hubaki udongo uliolegea kwa urefu wote wa bomba, na maji hupendelea njia hiyo kuliko kupenya mfinyanzi mgumu. Zamani wajenzi walizungushia bomba vikuta vya zege wakidhani vitarefusha njia ya maji. Vikuta hivyo vilizidisha taabu ya kushindilia, na tangu miaka ya 1980 wahandisi wengi wameviacha, wakaweka badala yake ukanda wa mchanga safi unaolizunguka bomba upande wa nyuma. Mwaka 1864, huko Sheffield nchini Uingereza, bwawa la Dale Dyke lililojengwa kwa ajili ya maji ya mji lilikatika usiku wa tarehe 11 Machi likiwa linajazwa mara ya kwanza, na watu wasiopungua 240 wakafa. Chanzo kilibishaniwa kwa miaka mingi, na mabomba mawili ya chuma yaliyopita chini ya tuta yalikuwa miongoni mwa yaliyoshukiwa zaidi.

Basi niambieni: valvu yenu iko upande gani? Kama iko upande wa nyuma tu, maana yake bomba zima ndani ya tuta lina presha saa zote, na likitoboka kwa kutu linapuliza maji katikati ya udongo. Kama kuna lango la kufungia upande wa bwawa, lifungeni kwa saa kadhaa, usiku wakati watu hawatumii maji, na mpime unyevu kabla na baada. Ukipungua, mgonjwa ni bomba, na dawa yake ni bomba. Usipobadilika, maji yanapita nje ya bomba au chini ya tuta. Tembeeni pia juu ya tuta sambamba na mstari wa bomba, mkitafuta mbonyeo, hata mdogo kama sinia, na mtazame uso wa maji juu ya mdomo wa bomba kama kuna kizunguzungu ambacho hakikuwepo. Mbonyeo juu ya bomba ni dalili mbaya kuliko unyevu wenyewe.

Kipimo kingine ni cha udongo. Chukueni punje ya udongo wa tuta ukubwa wa haragwe, mfinyanzi wenyewe usio na majani, muidumbukize kwenye glasi ya maji ya mvua yaliyotulia. Msikoroge. Kuna udongo unaobomoka ukawa chungu chini ya glasi huku maji yakibaki safi. Huo hauna tatizo kubwa. Upo mwingine ambao baada ya dakika chache hutoa wingu kama la maziwa, likatambaa chini ya glasi na kuenea lenyewe. Huo una chumvi ya sodiamu nyingi, na chembe zake hufukuzana zikikutana na maji safi. Tuta la udongo huo linaweza kutoboka kwa ufa mdogo tu, hata likionekana gumu kama tofali. Nchini Australia mabwawa mengi ya mashambani yaliharibika kwa sababu ya udongo wa aina hii. Mkiona wingu hilo niambieni mapema, kwa sababu linabadilisha dawa yote, na hapo jasi au chokaa huingia kwenye hesabu.

Sasa badala ya zege tufanye nini? Maji yakiwa safi, tunayawekea chujio: mlango unaoyaruhusu kutoka na kuuzuia udongo. Karl Terzaghi, aliyezaliwa Prague mwaka 1883 na anayehesabiwa baba wa mekanika ya udongo, ndiye aliyetupa kanuni. Mianya ya chujio iwe midogo kiasi cha kukamata chembe kubwa za udongo unaolindwa. Hizo zikikwama, zenyewe zinakamata ndogo zilizo nyuma yake. Maabara huieleza kwa vipimo. Tafuteni ukubwa wa chembe ambao asilimia 15 ya mchanga wa chujio ni ndogo kuliko huo, na ukubwa ambao asilimia 85 ya udongo wa tuta ni ndogo kuliko huo. Wa kwanza usizidi mara 4 ya wa pili. Pelekeni sampuli mbili, ya tuta na ya mchanga mnaotaka kutumia. Ni kipimo cha kawaida katika maabara yoyote ya udongo.

Mchanga wenyewe uwe msafi. Unaweza kuujaribu kwa mkono: loanisha mchanga kidogo, ushindilie kwenye kikombe, pindua kikombe juu ya sinia na ukiondoe, kisha mimina maji taratibu kwenye sinia. Mchanga mzuri utabomoka na kutandaa maji yakipanda. Ukibaki umesimama kama keki, una mfinyanzi ndani yake, na ukiwekwa kwenye tuta utafanya ufa badala ya kuuziba.

Mpangilio ni mchanga kwanza, unene wa sentimita 30 au zaidi, ukivuka mipaka ya unyevu kwa mita moja au mbili kila upande. Kisha kokoto ndogo, unene uleule. Kisha mawe ya kulalia juu yawe uzito. Ondoeni nyasi na udongo wa juu kabla ya kuanza, ila msichimbe kuingia ndani ya tuta. Na msianze na mawe. Nimeona watu wakirundika mawe makubwa moja kwa moja juu ya unyevu, wakaona wamemaliza. Udongo hupita kwenye mianya ya mawe bila kizuizi, na mawe yenyewe yanawaficha msione unavyotoka. Karatasi ya nailoni pia isiwekwe, kwa sababu ileile ya plasta. Karibu na bomba, chujio lilizunguke pande zote, hasa chini, na hapo ningependa mhandisi awepo kazini siku nzima.

Hiyo ni dawa ya maji safi. Yakiwa na tope, chujio hilohilo linawekwa kwa haraka, kwa mchanga na kokoto zilizopo, huku bwawa likishushwa. Mkikuta mahali maji yanabubujika kutoka ardhini yakirusha mchanga na kujenga kichuguu kidogo kama cha mchwa, pazungushieni mifuko ya mchanga kama kisima, maji yapande ndani yake mpaka yaache kubeba mchanga, kisha yaachieni yamwagike juu. Uzito wa maji yaliyosimama unapunguza nguvu ya yanayokuja. Msipafunike kabisa.

Kushusha bwawa nako kuna kipimo chake. Maji ya bwawa ndiyo yanayouegemeza mteremko wa mbele. Mkiyatoa haraka, yaliyo ndani ya udongo hayapati muda wa kutoka. Udongo unabaki mzito, umeloa, umeondolewa egemeo, na mteremko unateleza kuingia bwawani. Kama hakuna hatari ya papo hapo, shusheni kiasi cha sentimita 30 kwa siku na mwangalie nyufa juu ya tuta. Tope likianza kutoka, hesabu hiyo inaachwa: fungueni kila kinachofunguka. Nawaomba mshushe nusu mita mliyoiongeza kuanzia sasa, kwa mwendo huo wa polepole. Najua ni maji ya kunywa ya watu na najua mlivyoteseka kiangazi kilichopita, na sisemi hivi kwa wepesi. Lakini mkipoteza tuta mtapoteza maji yote, na walio bondeni watapoteza zaidi ya maji.

Hapo ndipo mifuko inapoingia. Takriban nusu ya matuta makubwa yaliyowahi kukatika duniani yalikatika kwa maji kupita juu yake, na karibu nusu nyingine kwa mmomonyoko wa ndani. Mengine yote ni sehemu ndogo. Utoro ndio kinga yenu pekee dhidi ya nusu ya kwanza. Tuseme kutoka sakafu ya utoro hadi juu ya tuta ni mita 1.2, upana wake ni mita 10, na tunaacha sentimita 30 za mawimbi. Maji yenye kina cha sentimita 90 yanapita utoroni kwa takriban mita za ujazo 14 na nusu kwa sekunde. Panga mifuko ya nusu mita, kina kinachobaki ni sentimita 40, na kinachoweza kupita ni mita za ujazo 4.3. Mmechukua nusu mita tu, lakini uwezo umeshuka chini ya theluthi. Mvua ambayo tuta lilibuniwa kuivumilia sasa itapita juu yake, na udongo hauvumilii maji yanayokimbia juu yake kwa saa nyingi.

Wavu ni ndugu wa mifuko. Tarehe 31 Mei 1889 bwawa la South Fork, juu ya mji wa Johnstown, Pennsylvania, lilikatika baada ya mvua kubwa na kuua watu zaidi ya 2,200. Lilikuwa tuta la udongo, lililojengwa mwanzoni kulisha mfereji wa kusafirishia mizigo, kisha likawa mali ya klabu ya wavuvi matajiri. Juu ya tuta palikuwa pameshushwa ili magari ya farasi yapishane, mabomba ya kutolea maji chini yalikuwa yameondolewa miaka ya nyuma, na kwenye utoro paliwekwa wavu ili samaki wasitoke. Siku ya mafuriko wavu ulijaa takataka, na wafanyakazi walihangaika kuusafisha maji yakipanda. Samaki wenu waacheni waende.

Mkishaondoa vitu hivyo, pimeni usawa wa juu ya tuta kwa mpira wa maji wa fundi, hatua kwa hatua toka bega moja hadi la pili. Tuta la miaka kumi na minne huwa limekaa, na katikati, lilipo refu, ndipo linapokaa zaidi. Mkikuta katikati pako chini kwa sentimita 15, basi hapo ndipo maji yatapita kwanza, juu ya sehemu iliyo ndefu kuliko zote. Njia za mifugo nazo huchimba mabonde ya namna hiyo. Pajazwe na kushindiliwa kwa matabaka ya sentimita 15, udongo ukiwa na unyevu wa kushikamana mkononi bila kutoa maji.

Miti ndiyo, ina neno. Mizizi hufuata unyevu ndani ya tuta, na mti ukifa mizizi huoza ikaacha mirija. Upepo ukiung'oa unaondoka na bonge la tuta. Kivuli chake huua nyasi na kuficha mashimo ya wanyama, na unyevu mpya hauonekani. Miti michanga ikateni yote na mpande nyasi za kutambaa. Mikubwa msiikate mkaacha visiki vioze, wala msiing'oe bwawa likiwa limejaa. Ihesabuni, mniambie unene wake na ilipo, tuipangie msimu ambao maji yako chini, ili kila shimo la kisiki lijazwe na kushindiliwa siku ileile.

Limebaki suala la watu wanaoishi bondeni. Tarehe 14 Desemba 1963, Los Angeles, mlinzi wa hifadhi ya maji ya Baldwin Hills alikuwa kwenye mzunguko wake wa kawaida, asubuhi ya saa tano na robo hivi, akasikia maji yanakimbia kwenye mfereji kwa sauti asiyoizoea. Alitoa taarifa mara moja. Wakaanza kuitoa hifadhi maji, na polisi wakapita mitaani kuwatoa watu. Tuta lilikatika saa tisa na dakika 38 alasiri, katikati ya mji, na nyumba zaidi ya 200 ziliharibiwa. Watu 5 walikufa. Idadi ya waliokuwa wamekwisha kuondolewa ilikuwa kubwa mno kuliko hiyo. Kule Dale Dyke nako ufa ulionekana jioni, na kibarua aliyekuwa akivuka tuta kurudi nyumbani, lakini walio chini walikuwa wamelala maji yalipowafikia.

Kwa hiyo orodhesheni kila nyumba iliyo chini ya bwawa, pamoja na namba ya simu ya mtu mmoja katika kila nyumba, na mkubaliane wakimbilie mlima gani. Mlinzi wenu afundishwe dalili nne za kupiga king'ora: tope kwenye maji yanayotoka, mbonyeo au ufa mpya, mtiririko unaoongezeka wakati anautazama, na maji kufika sentimita 30 kutoka juu ya tuta. Na apewe ruhusa, kwa maandishi yenye muhuri wa kamati, ya kupiga king'ora hicho usiku wa manane bila kumwuliza mwenyekiti wala katibu.